Kumbukizi ya Art Arfons, fundi wa Akron aliyeshika rekodi ya kasi ya ardhini mara tatu kwa injini ya chuma chakavu

#1 Spana 17 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Arthur Arfons, ambaye wapenzi wa mbio walimwita Art, alifariki tarehe 3 Desemba 2007 akiwa na umri wa miaka 81, na alizikwa akiwa ameshikishwa spana katika mikono yote miwili, huku ndani ya jeneza ikiwekwa chupa ya chumvi iliyochotwa kwenye uwanda wa Bonneville, ule uwanda wa chumvi wa jimbo la Utah ambako rekodi hizi za kasi zilitafutwa. Humu jukwaani tumewajadili madereva wa kila aina, lakini sikumbuki uzi hata mmoja juu ya mtu huyu, aliyeshika rekodi ya dunia ya kasi ya ardhini mara tatu kati ya Oktoba 1964 na Novemba 1965 kwa gari ambalo injini yake wenyewe walikwisha kuitupa. Mnivumilie, maelezo ni marefu.

Art alizaliwa tarehe 3 Februari 1926. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ugiriki, mama yake alikuwa na asili ya Wacherokee, na familia iliendesha kinu cha kusaga chakula cha mifugo huko Akron, jimbo la Ohio. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijiunga na jeshi la majini la Marekani akawa fundi wa injini za dizeli katika vyombo vya kushushia askari ufukweni, na alikuwapo Okinawa, kisiwa cha Japani. Aliporudi, alirudi kinuni. Mtu wa kinu huzoea jambo moja mapema: mashine ikisimama, mteja aliyeleta gunia hasubiri fundi aitwe kutoka mbali.

Mwaka 1952 yeye na Walt, kaka yake wa kuchangia mzazi mmoja, aliyemzidi umri kwa karibu miaka kumi, walivutiwa na mbio za dragi. Kwa wasiozijua, hizi ni mbio za mstari mnyoofu ambapo magari mawili huanza yakiwa yamesimama na kukimbia robo maili, yaani mita 402 hivi, na mshindi hujulikana ndani ya sekunde chache. Gari lao la kwanza lilikuwa la magurudumu matatu, lenye injini ya Oldsmobile ya silinda sita, na lilipakwa rangi ya kijani ya trekta iliyokuwa imebaki kwenye kopo. Mtangazaji wa uwanjani alipoliona alicheka na kuliita zimwi la kijani, yaani Green Monster. Walicheka na wao, na jina hilo likabaki: magari mengi aliyounda Art baada ya hapo aliyaita hivyo, hata pale rangi ilipokuwa nyingine kabisa.

Walipoona injini za magari hazitoshi, waligeukia Allison V-1710, injini ya ndege za kivita yenye silinda 12 na ujazo wa lita 28, iliyokuwa ikiuzwa kwa bei nafuu kama mabaki ya vita. Hebu fikirini injini ya ndege ya P-38 au P-40 iliyofungwa kwenye chasisi iliyochomelewa nyuma ya kinu. Magari hayo yalivunja kasi zilizokuwa zikitambuliwa kwenye robo maili, watazamaji walijaa kila yalipokwenda, na chama cha mbio hizo, NHRA, baadaye kikayapiga marufuku. Kwa maoni yangu marufuku hiyo ndiyo iliyomsukuma Art kwenye chumvi. Alikuwa na nguvu mikononi, na robo maili ilikuwa imemfungia mlango.

Kisha ikaja jeti. Walt na Art walikuwa wamekwisha kutengana kikazi, kila mmoja na karakana yake, na karakana zenyewe zilikuwa jirani. Walt ndiye aliyetangulia kufunga injini ya jeti kwenye gari la dragi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Art naye alipata kwa muuza vyuma chakavu injini ya General Electric J79, aina ile ile iliyoendesha ndege ya kivita ya F-104, ikiwa imeharibiwa ndani na kitu kilichofyonzwa. Aliitengeneza mwenyewe, bila msaada wa kiwanda. Ili kuijaribu aliifunga kwa minyororo kwenye miti nyuma ya nyumba na kuiwasha, jambo ambalo majirani hawakulifurahia.

Tarehe 5 Oktoba 1964 gari lenye injini hiyo lilikimbia kilomita 698 kwa saa huko Bonneville, na dunia ikawa na bingwa mpya. Yaliyofuata nitayaeleza chini, kwa sababu Oktoba ile inahitaji nafasi yake.

#2 Chaki na Ubao

Ahsante kwa uzi mzuri, mkuu. Nina swali ambalo huenda wengine wanaona haya kuliuliza. Kama gari linasukumwa na hewa ya moto inayotoka nyuma, na magurudumu yanazunguka tu kama ya mkokoteni, kwa nini tuliite gari na wala si ndege iliyokatwa mabawa? Na rekodi yenyewe hupimwaje, maana mtu yeyote anaweza kusema alikimbia?

#3 Mzee wa Dizeli

Mwalimu, swali lako liliwahi kuwagawa wakubwa wa mchezo wenyewe.

Hadi miaka ya 1960 mapema rekodi ilikuwa ya magari yanayosukuma ardhi kwa magurudumu. Mwingereza John Cobb alifikisha wastani wa kilomita 634 kwa saa mwaka 1947 kwa injini mbili za ndege za pistoni, na hakuna aliyemkuta kwa miaka mingi. Tatizo la mfumo huo ni tairi: tairi inabeba uzito, na wakati huo huo inatakiwa kupeleka nguvu zote kwenye chumvi ambayo inateleza. Kuna mahali ambapo ukiongeza nguvu unaongeza kuserereka tu. Jeti inaliondoa tatizo hilo kwa mkato, kwa sababu msukumo hauhitaji kushika chini, na tairi inabaki na kazi ya kubeba na kuelekeza.

Craig Breedlove wa California alipokimbia kilomita 655 kwa saa mwezi Agosti 1963 kwa gari la jeti la magurudumu matatu, shirikisho la magari, FIA, halikulihesabu kuwa gari, na rekodi yake ikatambuliwa na shirikisho la pikipiki. Baadaye FIA ilikubali kuwa na daraja la magari ambayo magurudumu yake hayaendeshwi na injini, na hapo mjadala ukapoa, ingawa haukufa. Mimi binafsi naliita gari, kwa sababu lina usukani, lina magurudumu manne, na likiinuka kutoka ardhini dereva wake huwa amepata ajali.

Upimaji ni mkali. Dereva hukimbia maili moja iliyopimwa, kisha hugeuza na kukimbia tena upande wa pili ndani ya dakika 60, na rekodi ni wastani wa mikimbio yote miwili. Hivyo upepo uliokusaidia kwenda utakupinga kurudi. Katika saa hiyo moja mafundi wanatakiwa kukagua tairi, kujaza mafuta, kufunga parashuti mpya za kusimamishia na kuligeuza gari. Wengi wamekimbia vizuri mara moja wakashindwa kurudi. Mickey Thompson, ambaye naye alitokea kwenye dragi, alivuka maili 400 kwa saa kwa mkimbio mmoja hapo hapo Bonneville mwezi Septemba 1960, kwa gari la injini nne za Pontiac, lakini lilimharibikia kabla ya mkimbio wa kurudi, na kwa sababu hiyo jina lake halimo katika orodha ya walioshika rekodi hii.

Kuhusu J79: ni injini yenye ngazi 17 za kukandamiza hewa, na nyuma yake kuna kichomeo cha ziada, kile ambacho marubani wanakiita aftabana, ambacho hunyunyiza mafuta tena ndani ya moshi wa moto ili msukumo uongezeke. Ukikiwasha unapata msukumo wa karibu tani saba. Nimefanya kazi ya pampu za dizeli zaidi ya miaka 30, na kitu kidogo tu kikiingia mahali pasipotakiwa kinanikosesha usingizi. Mtu aliyefungua injini ya ngazi 17 bila kitabu cha kiwanda, akatoa mapanga yaliyovunjika, akaifunga tena na kisha akaketi kando yake, huyo namvulia kofia.

#4 Msukuma Tairi

Shikamoo mzee, na heshima kwa mwanzisha uzi. Naomba nipinge kidogo, maana naona tunaelekea kumfanya Arfons kuwa maskini aliyewashinda matajiri kwa chuma chakavu, na hiyo si hadithi kamili.

Akron ulikuwa mji wa tairi. Goodyear ilikuwa hapo, na Firestone ilikuwa hapo. Mwaka 1964 Goodyear ilisimama na Walt, pia na Breedlove, na Firestone ikasimama na Art. Injini ilitoka kwa muuza vyuma chakavu, sawa, lakini tairi hazikutoka huko, na kwenye kasi ya kilomita 800 kwa saa tairi ndicho kifaa kigumu kuliko vyote. Mpira wa kawaida kwenye kasi hiyo hurushwa nje na mzunguko wenyewe hadi ukabanduka kwenye nyuzi, ndiyo maana tairi za kazi hii huwa na mpira mwembamba mno juu, karibu hazina kashata. Hakuna fundi wa nyuma ya kinu anayeweza kutengeneza kitu hicho. Bila kampuni kubwa yenye wahandisi na mashine za kupimia, J79 ingebaki ikinguruma kwenye miti.

Kwa hiyo nakubali kwamba Art alikuwa fundi wa ajabu, ila ile vita ya chumvi ilikuwa pia vita ya matangazo ya kampuni mbili za mji mmoja, ambazo zilijikuta zimewapanga ndugu wawili pande mbili.

#5 Spana 17 (mwanzisha uzi)

Msukuma Tairi, umenisahihisha kwa haki, na Oktoba ya 1964 inakuunga mkono.

Tarehe 2 Oktoba gari la Walt, Wingfoot Express, likiendeshwa na Tom Green, lilifikisha kilomita 665 kwa saa. Siku tatu baadaye Art akaiondoa rekodi hiyo kwa zile 698. Tarehe 13 Breedlove alirudi na kufikisha 754, na tarehe 15 akafikisha 847, lakini parashuti zake zikakatika, gari likaenda kilomita nyingi bila breki, likakata nguzo ya simu na kutumbukia kwenye bwawa la maji ya chumvi. Alitoka akiogelea. Watu wakadhani msimu umekwisha. Tarehe 27 Art akakimbia 863, na tairi moja ikampasukia. Hesabu wenyewe: rekodi ya dunia ilivunjwa mara tano katika siku 26, na kati ya mara hizo tatu ilivunjwa na magari yaliyotoka kwenye karakana mbili jirani za Akron.

Hata hivyo sitaki kuachia hoja yangu yote. Tofauti ya Art na wenzake haikuwa fedha peke yake, ilikuwa namna ya kufikiri. Gari la Breedlove lilichorwa na watu wanaojua mwendo wa hewa, likawa jembamba na lenye sura ya kupendeza. Green Monster lilikuwa na mdomo mpana ulio wazi, injini yote katikati, dereva akiwa amebanwa ubavuni, na juu ya pua kulikuwa na bawa la kulikandamiza lisiinuke. Ukilitazama unaona mtu aliyesema: nina injini kubwa, nataka kitu cha kuishika. Na lilikwenda.

#6 Binti Kilindini

Nami nina la kuongeza, kwa kuwa kila uzi wa aina hii huishia kwa wanaume peke yao.

Kabla ya Green Monster la J79, Art alikuwa na gari jingine la jeti lililoitwa Cyclops, ambalo kiti chake kilikuwa wazi, dereva amekaa mbele ya mdomo wa injini bila kifuniko. Mwaka 1965 Betty Skelton, rubani mwanamke aliyekuwa bingwa wa michezo ya angani nchini Marekani, aliliendesha gari hilo Bonneville na kuweka rekodi ya wanawake ya zaidi ya kilomita 440 kwa saa. Kwa hiyo gari la Art lilishika rekodi nyingine ya dunia ambayo watu hawaihesabu katika zile tatu.

Rekodi hiyo haikukaa sana. Mwezi Novemba mwaka huo huo Lee Breedlove, mke wa Craig wakati huo, alikimbia zaidi ya kilomita 490 kwa saa kwa gari la mumewe. Inasimuliwa sana kwamba Craig, ambaye alikuwa amekwisha kupata rekodi tarehe 2 Novemba, alitaka uwanda ubaki umekodiwa na wao ili Art asipate siku ya kukimbia, na kumkalisha mke wake kwenye usukani kulikuwa sehemu ya mbinu hiyo. Mimi sipendi kasi yake ielezwe kama mbinu ya mume tu. Aliyekanyaga mafuta ni yeye, na wanaume wengi wa zama zile hawakuthubutu nusu ya kasi hiyo.

#7 Spana 17 (mwanzisha uzi)

Dada, ahsante, nilikuwa nimemsahau Skelton kabisa.

Na hiyo Novemba ndiyo inayofuata. Breedlove alifikisha kilomita 894 kwa saa tarehe 2. Art aliposhika zamu yake tarehe 7, alikimbia 927, tairi ya nyuma ikapasuka tena na chumba cha dereva kikajaa moshi, lakini mikimbio ilihesabika. Rekodi ya tatu. Alikaa nayo siku nane. Tarehe 15 Breedlove alifikisha 966, akawa mtu wa kwanza kuvuka maili 600 kwa saa, na rekodi hiyo ilidumu hadi Oktoba 1970, pale Gary Gabelich alipovuka kilomita 1,000 kwa saa kwa gari la roketi.

Tarehe 17 Novemba 1966 Art alirudi kuitafuta. Alikuwa kwenye kasi ya karibu kilomita 980 kwa saa pale beringi ya gurudumu iliposhika. Gari lilibiringika na kusambaratika kwenye chumvi kwa zaidi ya kilomita moja na nusu, na kilichobaki kizima kilikuwa kile kizimba cha dereva alichokichomelea mwenyewe. Alitolewa akiwa na michubuko, majeraha madogo na chumvi machoni.

Mzee wa Dizeli ataniambia kama nakosea, lakini nadhani hapo ndipo ufundi wake unapoonekana kuliko kwenye rekodi zote tatu. Beringi haikuwa imetengenezwa naye. Kizimba alikitengeneza yeye.

#8 Mzee wa Dizeli

Hukosei. Beringi haitoi taarifa mapema kwenye kasi hiyo. Kwenye lori utaisikia ikilia wiki nzima kabla haijashika, utaipuuza, kisha utalaumu barabara. Kule alikuwa na chini ya sekunde moja.

#9 Chaki na Ubao

Nimesoma kwamba mwaka 1971 gari lake liliua watu huko Dallas. Kama tunafanya kumbukizi ya kweli, sioni haki kulipita jambo hilo kimya.

#10 Spana 17 (mwanzisha uzi)

Hatutalipita. Mwezi Oktoba 1971 Art alikuwa amerudi kwenye dragi za jeti, na katika uwanja wa Dallas alimpakia mwandishi wa habari ili aonje mkimbio. Gari lilipoteza mwelekeo. Mwandishi huyo alikufa, na wafanyakazi wawili wa uwanja wakafa pia. Art hakuumia sana. Aliachana na dragi baada ya hapo, na kwa miaka mingi hakurudi kwenye mashindano ya kasi.

Sina hukumu ya kutoa. Ninachokiona ni kwamba mwaka 1966 alikuwa ndani ya kizimba peke yake, na aliyekuwa akihatarishwa ni yeye. Dallas ilikuwa tofauti, na mwenendo wake baada ya hapo unaonyesha kwamba yeye mwenyewe aliiona tofauti hiyo. Kwa maoni yangu, kumpakia abiria kwenye gari la aina ile lilikuwa kosa, hata kama zama zile lilionekana tangazo zuri kwa uwanja.

Alichofanya baadaye ni kuingia kwenye mashindano ya matrekta ya kuvuta mzigo, ambapo trekta huvuta sanduku zito ambalo uzani wake hukandamiza zaidi kadiri linavyosonga, hadi trekta lishindwe. Humo alipachika injini za turbini, akayaita matrekta yake Green Monster, na watoto wake wakashindana pamoja naye. Mtu wa kinu amerudi kwenye trekta, na jina lile la rangi ya trekta likarudi nyumbani kwake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa amevuka miaka 60, alirudi Bonneville na gari jepesi la jeti, likapinduka, akatoka mzima tena, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaacha.

#11 Msukuma Tairi

Na Walt? Tumemtaja kama kivuli tu, ilhali ndiye aliyeanza na jeti.

#12 Spana 17 (mwanzisha uzi)

Kweli, Walt anastahili uzi wake, na nitauandika, hasa gari lake la baadaye lililotumia roketi nyingi ndogo za kusaidia ndege kuruka. Alifariki mwezi Juni 2013 akiwa na umri wa miaka 96, yaani alimwona mdogo wake akizikwa. Rekodi ya gari lake ilidumu kuanzia tarehe 2 hadi tarehe 5 Oktoba 1964, na aliyeichukua alikuwa jirani yake wa karakana.